Usizime Kompyuta

Ujumbe umerudi tena kona ya chini kulia,
kama mdai anayejua upo ndani:
Mfumo wako umepitwa na wakati.
Uboreshe sasa, au ukumbushwe baadaye?
Miezi saba nabonyeza Baadaye
kwa kidole kilekile nilichowanyooshea wanangu:
linalowezekana leo lisingoje kesho.

Iko sebuleni, hapa Bugarika,
imeupa mgongo ukuta, nao ukuta umeegemea jiwe
lililokuwapo kabla ya hati na kabla ya mwenye hati.
Naifunika kitambaa alichofuma Nyanzala
kwa ajili ya vumbi, na wale wadudu wa ziwani
wanaopanda juu ya maji kama moshi wa jiko lisilo na mpishi;
asubuhi nawakuta wamefia kati ya N na M.

Fundi Lutonja wa Makoroboi aliigonga ubavuni
kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani.
"Mzee, mwili mzima, roho ndiyo ya zamani.
Nyumba hii haina komeo. Nakuwekea mpya,
elfu thelathini, bando lako."
Na programu ya dagaa?
Akatabasamu vile daktari hutabasamu.
"Ile haitavuka."

Haitavuka.
Nyanzala aliiandika mwenyewe, kwa kitabu cha kuazima,
mwaka ule mvua zilipogoma: vitufe vya kijivu
vikubwa kama matofali, na chini kabisa, kwa herufi nzito,
JUMRA KUU,
maana ulimi wa nyumbani ulimfuata hadi kwenye kioo.
Sikumruhusu mtu kuisahihisha.
Humo mna kila gunia tulilopokea mwaloni Kirumba,
kila debe, kila aliyekopa betri za taa.
Aprili anatimiza miaka minne kaburini.

Wahenga hawanisaidii. Wanasema
usiache mbachao kwa msala upitao,
wanakunywa maji, wanasema kipya kinyemi.
Benki nayo imeshanifungia mlango:
kivinjari chako hakitambuliki.
Na Shija, mjukuu, akinipigia kwa video kutoka Mbeya
huganda mdomo wazi, kama sangara kwenye barafu.

Nakumbuka daraja la Kigongo.
Siku ya kwanza nilivuka na kirikuu, dakika chache tu,
nikafika Busisi nimekunja nauli ya kivuko kiganjani,
hakuna wa kumpa.
Sikulia. Ila niliiweka mfuko wa shati, peke yake.

Basi nikanunua kaunta buku.
Kwa usiku tatu nikanakili
jina kwa jina, kutoka kioo hadi karatasi,
nikajumlisha kwa kichwa, kama enzi za mzani wa ushirika.
Haikulingana. Nikarudia. Haikulingana tena,
pengo lilelile, shilingi zilezile.
Nikawafuata wadaiwa mmoja mmoja hadi nikamkuta:
Bhoke, yule mjane wa karibu na kisima,
deni lake limeandikwa lote, magunia kumi na moja,
ila programu haimhesabu.
Inafika kwake, inaruka, inaendelea.

Miaka yote nimekaa mbele ya kioo hiki
nikidhani naona kila alichoniachia.
Nikacheka, saa nane za usiku. Mbwa wa jirani akajibu.

Leo nimenunua umeme, yuniti ishirini, na bando la wiki.
Lutonja atanitengenezea jedwali jipya.
Nimempa masharti mawili, kwa maandishi:
Jumra ibaki na R yake.
Na huyu Bhoke, ukimfikia, mruke.

Nimebonyeza.
Kioo cheusi, kiduara kinazunguka.
Asilimia nne. Usizime kompyuta.
Kaunta buku iko mapajani.
Luku inahesabu kushuka, kioo kinahesabu kupanda,
asilimia tano,
na yule mbwa ameanza tena.