Fago Linalovuta Kushoto

Panas Hnatiuk, baba yangu, aliliendesha miaka arobaini na mitatu
usukani ameupinda robo kulia
ili gari liende mbele.
Hakufundishwa. Ubovu ulikuja polepole, kama uziwi,
na mikono yake ikaufuata
bila kumwambia mwenyewe.

Nami nilipopewa kulikamata, miaka kumi na miwili,
kwenye kokoto za kutoka shambani hadi ghala la nafaka,
sheria ilikuwa moja: lenyewe litataka mtaroni, wewe likatalie.
Nikalikatalia.

Januari hii, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
Saskatchewan nzima nyeupe kama shuka lisilolaliwa,
nimeliingiza bandani, nikawasha jiko la kuni,
nikaliinua kwa jeki na magogo ya msonobari.
Nikashika gurudumu la mbele, juu na chini, nikalitikisa.
Likacheza.
Si mchezo wa mtoto. Ule wa jino la mzee
kabla halijatoka na mkate.

Boksi limekuja na basi kutoka Winnipeg:
kingpini mbili, bushi zake nne za shaba,
tairodi endi, shakli, pini za springi.
Bei sikumwambia mtu.

Tairodi zilitoka kwa nyundo mbili,
moja ya kupiga, moja ya kupokea.
Kingpini ya kulia ilitoka kwa moto na matusi.
Ya kushoto ilikataa.
Jumatatu mafuta, Jumanne mafuta,
Jumatano nikaipiga hadi kiwiko kikaniambia basi.
Alhamisi akaja Verlyn Friesen, jirani, Mmenoni asiyetukana,
na presi ya tani ishirini juu ya trela.
Akapampu. Kimya. Akapampu tena.
Ikalia kama bunduki, kuku wakanyamaza,
na Verlyn akatamka neno moja la Kijerumani
ambalo naamini halimo kwenye Zaburi.

Hii hapa kiganjani.
Upande mmoja mviringo, kama ilivyotoka kiwandani;
upande wa pili imelika, ina kiuno.
Napitisha ukucha: ngazi ndogo.
Ngano imo humo, na mbolea,
na Mama kwenda kujifungua,
na Mama kurudi mikono mitupu.
Imo pia grisi ambayo Baba hakuitia.
Nipeli nne, dakika kumi, na hakuitia.
Nampenda, lakini na hilo liandikwe.

Bushi mpya hubana. Unazichonga kwa riima,
nusu mzunguko, futa, jaribu,
mpaka pini iingie kwa kusukumwa na gumba
na isiingie kwa uzito wake.
Kisha kamba, toka tairi la nyuma hadi la mbele,
maana magurudumu hayatakiwi kwenda sambamba kabisa:
yaelekeane kidogo, unene wa sarafu,
kama watu wawili watembeao wakisengenya.

Machi, theluji ilipoanza kuchafuka,
nikamketisha Baba upande wa abiria, blanketi magotini.
Tangu kiharusi, mkono wake wa kulia ni mgeni mwilini.
Nusu maili tu, nikatutumbukiza mtaroni.
Mtaro wa kulia.
Gari halikuwa na kosa, lilinyooka kama rula;
mikono yangu ndiyo iliyolikatalia
jambo ambalo halikuwa likilitaka tena.

Verlyn akatuvuta kwa trekta. Hakuuliza.

Mara ya pili niliushika usukani kwa ncha za vidole,
kama kikombe cha chai ya moto.
Baba akatazama mbele muda mrefu.
Mkono wake wa kushoto, ule ulio hai,
ukapinda hewa, robo, ukasita,
ukarudi pajani.

"Nani," akasema, maneno yakimtoka moja moja,
"amenyoosha barabara?"

Serikali ya jimbo, nikamwambia.

"Wamechelewa," akasema.