Nafasi ya Kioo

Pete imekuja Masasi kwa basi la usiku,
ndani ya boksi la sabuni, imezongwa gazeti la mwezi uliopita.
Kondakta kanitoza elfu tatu, akauliza, "Ya harusi?"
Nikamwambia ndiyo. Si uongo sana.

Kamera mpya ninayo tangu mnada wa pili wa korosho.
Nyepesi, haina kioo kifuani,
haina kile kibao kilichokuwa kikijibamiza, kacha,
mteja akajua tayari, anaweza kupumua.
Ila mdomo wake mpana, na lenzi zangu zina shingo za zamani.
Nilijaribu hapa mezani
kama anayemvalisha mtoto kiatu cha kaka yake.

Lenzi yenyewe ya Bakili.
Aliiacha mwaka aliovuka Ruvuma,
badala ya kodi ya studio, miezi mitano, nusu yake.
"Somoe, hii ni hamsini. Inaona kuliko sisi,"
akasema, akaenda,
na nusu iliyobaki hakuleta, wala sikuidai.
Miaka tisa nimeilaza kwenye kopo la mchele
isije ikaota ukungu.
Kila masika nabadilisha mchele. Ule wa zamani
sijawahi kuupika.

Fundi wa Dar alinieleza kwenye simu, polepole,
nyuma yake magari yanapiga honi:
Zamani, dada, kioo kilikaa katikati,
na kioo kinataka mahali pa kuinukia.
Kwa hiyo lenzi za enzi hizo zilizoea kusimama mbali kidogo,
kukipisha.
Sasa kioo wamekitoa, ukuta wakausogeza mbele.
Ukiibandika ya zamani hivi hivi
taswira inaangukia nyuma ya ukuta,
kama mgeni aliyeipita nyumba akaendelea na njia.
Na pete ni nini, basi?
Akanyamaza kidogo. Ni hewa, akasema.
Milimita ishirini na nne za hewa.

Elfu themanini nimelipia hewa.

Naigeuza mkononi. Kweli tupu.
Naweza kupitisha vidole viwili, naweza kuchungulia
nikaona geti la shule, mawe ya Mtandi, mbuzi wa watu.
Hamna waya, hamna kioo,
chuma cheusi tu kilichozungushwa
kulinda nafasi ya aliyekwisha ondoka.
Nikaiweka chini. Nikaenda kuchemsha chai.

Nilipoifunga ikasema tiki, vizuri kabisa.
Kamera ikaandika: Hakuna lenzi.
Nikafungua, nikafuta kwa kanga, nikafunga.
Hakuna lenzi.
Na mimi nimeishika, nzito, baridi, ina alama
ya jino la Bakili pale alipong'ata kifuniko kilipokwama.

Saa sita usiku nikakuta mahali, chini kabisa ya orodha,
baada ya lugha, baada ya saa:
ruhusu kupiga bila lenzi.
Nikaruhusu.

Asubuhi Biti Namalowe, picha nne za benki.
Kakaa, kakaza shingo, kaweka mikono kama yuko mahakamani.
Lenzi hii haina mota, nazungusha mwenyewe:
pua ikaja, ikapita,
kisha chale za kwenye kipaji zikapanda moja moja
kutoka kwenye maziwa,
kisha kope.
Nikabonyeza.
Kwenye skrini yupo, mzima, mpaka uzi uliochomoka kwenye ushungi.
Chini yake kamera imeandika tarehe, saa, mwanga,
na kwenye nafasi ya lenzi, sifuri.

"Mbona hupigi?"
Nimeshapiga, bibi.
"Sijasikia kitu. Shingo inaniuma."

Nikamwambia atulie, tunarudia.
Safari hii nikabonyeza,
nikasema kwa mdomo wangu, kacha,
naye akapumua.