Pembeni mwa Meza

Msimamizi ndiye aliyegundua kwanza.
Katikati ya meza buni yangu ilikuwa safi,
lakini pembeni, kushoto, punje nyeusi zimekaa
kama wageni ambao hawakualikwa.
"Khainza, umeanza uvivu?"
Miaka kumi na tisa nachambua kahawa hapa Mbale,
vidole vyangu huijua iliyooza kabla ya pua.
Sikuwa mvivu. Pale kushoto hapakuwa na kitu.
Hapakuwa hata na giza.

Mama naye aliliwa hivyo, kuanzia ukingoni,
tukasema ni uzee, tukasema ni jirani.
Sasa ugonjwa una jina, na jina lina namba:
thelathini na mbili jicho hili, ishirini na tisa lile.
Hauumi. Ndiyo hila yake.

Dawa ya matone niliinunua mwezi wa kwanza.
Mwezi wa pili nililipa karo ya Mugide.
Wa tatu, tone la mwisho likaangukia shavuni
nikalia, na hayo machozi hayakutibu chochote.

"Basi twende kwenye leza," akasema Dakta Okiria.
"Jicho lina chujio. Lako limeziba:
maji yanaingia, kutoka hayatoki."
Chujio nalijua. Nikaweka kidevu mashineni.

Jeli baridi. Kioo kikaigusa mboni.
Kisha kijani, tik,
kijani ambacho mlima Masaba haujawahi kuvaa,
tik, tik, nami nahesabu kama magunia,
hadi sitini na tatu, umeme ukakatika.
Giza la kweli, lenye watu ndani yake.
Jenereta ikakohoa.
Sitini na nne.

"Nitaona tena kushoto?"
Hakunidanganya, Mungu ambariki.
"Kilichokwenda kimekwenda, mama.
Tunalinda kilichobaki."

Wiki ya sita: kumi na nane, kumi na saba.
Na hata hiyo, akasema, si ya milele. Urudi.

Sasa nachambua nikigeuza shingo kama kuku,
jicho hili, tena hili. Wasichana wanacheka.
Wacheke. Punje nyeusi haipiti.

Jumamosi nampeleka dada yangu Nambozo,
anayeapa macho yake hayana neno,
ambaye juzi aligonga bega mlangoni
akaulaumu mlango.