Bahasha ya Kaki

Leo tena nimekufunga kwa mfuko wa plastiki,
bahasha yangu, mpangaji wa kwapa langu la kushoto.
Mvua ya Bukavu haiulizi diploma.
Inashuka Kadutu na udongo wake, na ndala za watu,
na mimi nashuka nayo,
viatu vya ofisini mkononi.

Ndani yako: diploma ya uhasibu, yenye mhuri wa komine,
picha mbili nilizonyoosha shingo kama anayepimwa kola,
cheti cha kuzaliwa, kana kwamba kuna anayeshuku,
na barua yangu, ya kumi na tisa,
inayoanza "Kwa heshima zote"
na kuishia "Kwa heshima zote",
katikati nimepiga magoti aya tatu.

Muhumba, getini, Zihindula mlinzi ananijua sasa.
Haniulizi jina. Ananiuliza mama anaendeleaje.
"Tia sandukuni," anasema, na sanduku limetapika ndugu zako,
wamelala chini rangi moja.
Siku moja aliniita pembeni, kwa sauti ya kuungama:
"Dada, nafasi ile ilipata mtu
kabla gundi ya tangazo haijakauka."
Nilicheka. Naye akacheka. Kisha tukanyamaza,
kila mmoja akitazama viatu vya mwenziwe.

Wanasema mvumilivu hula mbivu.
Sawa. Lakini mbivu ya nani?

Sikubadilika kwa ushujaa. Umeme ulikatika
kwenye kibanda cha fotokopi, nakala yangu ikiwa nusu mle mashineni
(jina limetoka, alama zimebaki gizani)
na pembeni yangu Mama Nsimire, muuza sambaza,
alikuwa anagombana na vidole vyake:
"Huyu elfu tatu, huyu elfu mbili na mia tano,
huyu... huyu nani?"
Alikuwa amewaandika wadeni wake kwa makaa, ukutani,
na mvua ya usiku ilikuwa imewasamehe wote.

Niliomba karatasi. Karatasi ilikuwa wewe.
Nikakugeuza, nikapiga mstari katikati ya tumbo lako:
kushoto kilichoingia, kulia kilichotoka.
Mkono ulikumbuka kabla yangu.
"Kumbe deni lina mahali pake pa kukaa," alisema.

Alinilipa kikombe cha sambaza.
Usiku ule tulikula diploma yangu kwa mara ya kwanza,
na ugali wa muhogo, na pilipili.
Murhula, mdogo wangu, akalamba vidole:
"Imezidi chumvi kidogo."

Sasa ni akina mama kumi na mmoja, Jumanne na Ijumaa,
daftari la kurasa mia, kalamu iliyofungwa kwa uzi.
Si kazi, anasema mjomba, haina kiti.
Kweli haina; nakalia ndoo iliyopinduliwa.
Wala haina mshahara unaojua tarehe.
Kuna siku narudi na nyanya tatu na ahadi.
Kuna siku nalia chooni kwa jirani;
kwa nini kwa jirani, sijui,
labda ukuta wake ni mnene.

Lakini barua ya ishirini niliiandika jana, kwa mshumaa,
na haikupiga magoti.
Niliandika: natunza hesabu za watu kumi na mmoja
ambao zamani karani wao alikuwa mvua.
Mwezi uliopita palikuwa na pengo, faranga mia nne.
Nililiona. Nililifuata mpaka lilipojificha.

Haya, bahasha mpya, twende.
Mji umetia vidole vitano ziwani, unapima maji,
haujaingia, haujatoka.
Zihindula atauliza mama anaendeleaje.
Nitamwambia anaendelea.
Nitakulaza juu ya ndugu zako,
kisha nitapanda tena Kadutu, mbio, kabla ya saa nne:
leo ni Ijumaa,
na sambaza hazisubiri jibu.