Fremu ya Thelathini na Sita

Jumamosi, saa nne, baridi ya Julai.
Kwa Muthengi, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri,
ngazi zinanuka grisi na mandazi.
Tunavua mikanda shingoni, tunapanga mezani
miili ya chuma inayotuzidi umri:
ya Harshil, aliyoachiwa na babu yake, mpiga picha za pasipoti;
ya Okisai, yenye kovu la shaba begani;
yangu, niliyoinunua Gikomba
kutoka rundo la viatu vya watoto,
muuzaji akiapa kuwa ni redio.

Hizi hazikuonyeshi dunia kupitia lenzi.
Unachungulia kidirisha cha pembeni,
katikati yake kiraka cha mwanga, punje ya hindi tu,
na humo kila mtu yuko mara mbili:
mwenyewe,
na mwenzake hafifu anayetetemeka kando.
Unazungusha pete, polepole,
mpaka mzuka umrudie mwenyewe.
Hapo unabonyeza.
Mlio wake mdogo, kama mtu anayemeza mate.

Na kila Jumamosi habari ni ile ile: inakuja.
Mpya. Ya dijitali. Kidirisha kile kile, pete ile ile,
na bei ya binadamu.
"Mwaka huu," anasema Okisai,
aliyesema hivyo mwaka jana
na mwaka juzi, akiwa bado na nywele.
Chepng'etich, mhasibu, anapiga hesabu
kwenye karatasi ya mandazi:
bei ya huko, nauli ya ndege, ushuru, kodi juu ya ushuru.
"Subira huvuta heri," anasema,
"lakini forodha huvuta zaidi."

Mimi nataka isiwe na kioo mgongoni.
Harshil anakitaka; bibi harusi, anasema, hangoji kuonyeshwa kesho.
Okisai anataka iwe nzito, imkumbushe kuwa ameibeba.
Muthengi hataki kitu. Anapuliza vumbi kwenye gia
ndogo kuliko jino la panya, anauliza:
"Ikiharibika hiyo, mtaniletea mimi?"
Tunageukia chai.

Nyumbani wananicheka. Simu ya mwanangu ina macho matatu
na haikosei hata gizani.
Lakini mimi roli moja ya filamu ni unga wa wiki mbili.
Maji ya Umoja hufika Jumanne, saa nane za usiku,
nami nasafisha picha chooni,
blanketi chini ya mlango kuzuia mwanga,
mume wangu akigonga kwa adabu.
Siitamani ile mpya kwa usasa.
Nimechoka kuhesabu.
Zile nilizopiga huwa nazisahau.
Nazikumbuka nilizojinyima:
yule kinyozi wa Kariobangi aliyenyoa kwa mwanga wa pikipiki,
nami nikiwa na fremu mbili
nilizoziweka kwa ubatizo wa mtoto wa dada,
ubatizo wenyewe ukaahirishwa.

Leo wingu lilipasuka kidogo.
Mwanga ukaingia kwa dirisha lisilooshwa tangu uchaguzi,
ukatua juu ya Muthengi, bisibisi mdomoni,
ameinamia kamera ya mtu aliyekwisha kufa
ambayo familia haijaja kuichukua.
Wenzangu walikuwa bado wanabishania betri.
Nikainua yangu. Thelathini na sita. Ya mwisho.
Ndani ya kiraka walikuwa Muthengi wawili,
mmoja kazini,
mwingine hafifu, kama aliyekwisha kuaga.
Nikazungusha pete. Wakasogeleana.
Mkono wangu ukasita, sijui kwa nini,
kidole kikabonyeza kabla hawajagusana.

Filamu ingali ndani.
Jumanne maji hayakuja.
Muthengi amenipigia simu: nilisahau kifuniko cha lenzi mezani,
atanitunzia hadi Jumamosi,
na Okisai yuko hapo, anasema niambiwe
kuna habari.