Mstari Mweupe

Picha imelala.
Iliyokuwa anga nzima, vimondo na merikebu ndogo za kijani,
sasa ni mstari mmoja mweupe katikati ya giza,
mwembamba kama uzi ambao mama aliukata kwa meno.

Wekhuli ameivua mashine mgongo.
Orofa ya tatu, barabara ya Luthuli, mlango usio na namba.
Chini yetu spika za wauzaji zinagombania wapita njia
na mvua ya Aprili inatafuta tundu kwenye bati.
"Usiguse," ananiambia. "Imezimwa tangu Jumanne
lakini umeme bado umo, umelala ndani ya kioo.
Ni kama deni, huu. Hausahau."
Anafunga waya kwenye fremu, ncha ya pili kwenye bisibisi,
anaupenyeza ulimi wa chuma chini ya kifuniko cha mpira
na tah!
kidogo tu, kama mtu aliyeguna usingizini.

Kisha ananihesabia.
Kapasita kumi na tisa, mia nane.
Lehemu mpya kwenye viungo vilivyopasuka, hiyo nimekusamehe.
Transfoma, kama nayo imekwenda, elfu saba,
na iko kwa mtu wa Kampala ambaye hashiki simu.
Au tuling'oe hili dude lote, kilo kumi na nne za kioo,
tutie skrini bapa, elfu nne na mia tano,
uondoke nayo leo ikiwaka.
"Ya kale hayanuki, dada."

Haya yananuka, Wekhuli.
Yananuka vumbi lililoungua,
yananuka viazi karai vya kibanda cha pili, Jericho,
ambako baba aliiegemeza ukutani mwaka wa themanini na saba
akaifunga mnyororo kama mbwa mkali.
Shilingi tano zile za pembe saba!
Nilizipanga kitandani, ishirini ishirini, Jumapili usiku,
na vidole vilinuka chuma mpaka kipindi cha hesabu, Jumatatu.
Karo ya Mwanzia ilitoka humo.
Yangu pia, nusu.
Nusu nyingine sikuisoma.

Jana nilimpigia Mwanzia, yuko Doha.
Alicheka mpaka akakohoa.
"Bado mnayo hiyo takataka?"
Nikataka kumwambia kuhusu kovu, salio likaisha,
au nilisema limekwisha.

Maana kuna kovu.
Zima taa, Wekhuli, tazama kwa upande, hapo juu kulia.
Namba zilikaa pale usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka,
hadi zikajichoma: 48,210.
Na herufi tatu, K, A, U.
Si Mwanzia. Si mimi. Si mtu wa mtaa wetu.
Kijana fulani alikuja mara moja, siku ya mvua,
mkono mmoja mfukoni,
akamshinda kaka yangu mbele ya watu, akaenda zake.
Mwanzia alilia nyuma ya choo.
Nilimwona. Sijawahi kumwambia kwamba nilimwona.

Ukitia skrini bapa huyo Kau anakufa,
na mimi ndiye shahidi wa pekee aliyebaki.

Wekhuli anajikuna shingo kwa kalamu.
Hajaniuliza hayo. Ameniuliza mia nane, au elfu nne na mia tano,
na saa yake ya ukutani, ambayo hajaitengeneza,
inasema ni saa sita kamili, kama kawaida.

Elfu saba ni gunia la saruji mara nane, na choo cha mama hakina sakafu.
Najua.

Badilisha kapasita.
Gusa viungo. Transfoma iache kwanza.
Ikisimama picha, sawa.
Isiposimama, usinipigie simu:
nitakuja mwenyewe Ijumaa nikitoka kazini,
uiwashe,
tuutazame mstari.