Kiota Namba 212, Akyatan

Matikiti yakishauzwa, chuo hunilipa kubeba betri.
Daktari Nefise hutangulia na taa nyekundu, hasemi.
Mbweha hutufuata nyuma; naye ana hesabu zake.

Juni, kasa alipokuwa bado anataga, machozi ya chumvi yakimtiririka,
tulizika kipimajoto katikati ya mayai,
kidude kama kifungo cha koti.
Leo tumekifukua. Nyuzi thelathini na mbili.
"Karibu wote majike," akasema,
kama asomaye bei ya dizeli.

Mchanga ndio mkunga, ndio kadhi:
ukipoa, dume; ukichemka, jike.
Nikamwambia, hata tikiti halimwulizi mkulima,
linaiva jua litakavyo.
Hakucheka.

Mayai yaliyoviza akayapasua moja moja juu ya gazeti,
akatoa tezi nyembamba kuliko uzi wa sindano,
akaitia chupani, akaandika namba.
Arobaini na moja.
Harufu ilikaa mikononi mwangu hadi Ijumaa;
mke wangu akanitengea sabuni yangu.

Februari akanipigia simu kutoka maabara.
Nilikuwa shambani, nimeng'ang'ana na bomba linalovuja.
"Durmuş, kulikuwa na dume."
"Wangapi?"
"Mmoja. Chini kabisa, penye unyevu."
Maji yakanilowesha viatu.
Nikamwuliza kama alikuwa hai.

Jibu nilikuwa nalo,
nililibeba mwenyewe kwenye ndoo.
Nilitaka tu asikate simu.